Kichwa cha Kuku Kilipomgeukia Mama Bosi

Shangazi Yu-mei mpendwa,

Naomba unisaidie, na kabla hujanihukumu naomba unisome hadi mwisho, maana tabia yako naijua, mke wangu alikuwa akinisomea safu yako kila Alhamisi huku akicheka mpaka machozi, na nimeona wengi wanaokuandikia wakitoka humo wamevuliwa nguo mbele ya kadamnasi. Mimi swali langu si la mapenzi wala la ugomvi wa nyumbani, ni la biashara tu: nifanye nini ili mapato ya mgahawa wangu yaendelee kupanda mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma?

Nina mgahawa wa wali wa bata mzinga hapa Chiayi, nyuma ya hekalu, kwenye mtaa ambao ukitupa jiwe bila kuangalia utampiga muuza wali wa bata mzinga mwenzangu, na pamoja na ushindani huo mapato yetu yamepanda kila mwaka tangu nilipoanza kuuendesha mgahawa kitaalamu. Nasema kitaalamu kwa sababu enzi za marehemu baba tulikuwa tunauza tu. Mwaka wa kwanza niliongeza vyakula kwenye orodha, wali wa kari, nyama ya ng'ombe kwenye sahani ya chuma, chai ya maziwa, hadi spageti, na mapato yakapanda, ingawa mke wangu Pi-yun anadai yalipanda kwa sababu mwaka huohuo yeye alianza kuliandalia hekalu vifurushi vya chakula kila wanapokuwa na sherehe, na kwamba spageti aliyekula ni mimi peke yangu. Mwaka uliofuata nilijiunga na wale wapeleka chakula kwa pikipiki nikatoa punguzo kubwa, mapato yakapanda tena, ingawa mwaka huohuo Pi-yun alipandisha bei ya bakuli kwa yuan tano na kubandika karatasi mlangoni, "Bata mzinga kapanda bei, mimi ni yuleyule," watu wakacheka wakalipa. Mwaka wa tatu nikaweka kibao kipya chenye taa za rangi, mapato yakapanda, ingawa ndio mwaka ambao Pi-yun alianza kuuza kwenye chupa, kuelekea mwaka mpya, yale mafuta ya bata mzinga yaliyokaangiwa vitunguu vidogo, mapishi ya mama yake wa kule Meishan, na foleni ikafika hadi kwa fundi wa pikipiki. Nayataja haya ili uone kwamba mikakati yangu inafanya kazi.

Mwaka huu nikaona tukipanda taratibu mno, nikaenda Taichung kwenye semina, na huko nikakutana na Mwalimu Fan, mtu msomi, anavaa suti na tai hata jua likiwa la utosi. Mwalimu Fan alikuja akakaa kwenye mgahawa wetu asubuhi nzima, akala bakuli tatu, akaniambia, "Bosi, mapato yako hayakui kwa sababu yanaliwa. Tafuta anayeyala." Akachora jedwali la gharama ya kila mtu pale, na ikaonekana aliye ghali kuliko wote ni Mama A-Lien, mchambuaji wa nyama, ambaye yupo tangu enzi za baba, ana mkono mzito, vipande vyake ni vinene, na anaongea na wateja dirishani badala ya kukata. Pi-yun hakuwemo kwenye jedwali kwa sababu halipwi chochote, ni mke wangu.

Sasa Shangazi, mtu aliyenifuta kamasi nikiwa mtoto nitamwambiaje aondoke? Nilijaribu mara kadhaa, nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula. Ndipo nikakumbuka desturi ya wazee wetu, ile ya karamu ya kufunga mwaka, kwamba kuku huletwa mezani mzima, na yule ambaye kichwa cha kuku kimemwelekea anajua bila kuambiwa kwamba mwakani hana kazi, anakula anashiba anaondoka kwa heshima, wala hakuna anayelazimika kusema neno. Najua siku hizi mabosi wengi humkatia kuku kichwa hukohuko jikoni ili wafanyakazi wale kwa amani, au hukigeuzia kwao wenyewe kuonyesha kwamba hafukuzwi mtu, lakini nikajiambia desturi si za kutupa hovyo, na Mwalimu Fan aliposikia akasema hiyo ni njia safi sana, kwa sababu kiongozi haelezi, kiongozi huonyesha.

Basi nikapanga meza moja ya duara hotelini, nikawaagiza wamlete kuku na kichwa chake, tena kimesimama. Akaletwa. Nilimpokea mwenyewe, nikamweka juu ya lile sinia la katikati linalozunguka, nikamsogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, hadi mdomo wa kuku ukamtazama Mama A-Lien katikati ya kifua, naye wakati huo alikuwa akitafuna karanga na kumsimulia mpishi habari za goti lake, hata hakuona. Nikakaa. Nikapumua. Ndipo Mwalimu Fan, niliyemwalika kama mgeni wa heshima, akawaona kamba waliokuwa upande wa pili wa meza, akanyoosha kidole akalizungusha sinia. Kamba wakamfikia. Kuku naye akazunguka nao, taratibu, akampita mpishi, akampita muosha vyombo, akasimama mbele ya Pi-yun.

Pi-yun alimtazama kuku, akanitazama mimi, akamtazama kuku tena.

"Baba Yi-ting," akasema, "ni mimi?"

"Kula kwanza," nikamwambia, "kuku atapoa."

"Sijakuuliza habari za kupoa. Nimekuuliza, ni mimi?"

Shangazi, ningesema nini? Ningesema si wewe, wote wangeuliza basi ni nani, na Mama A-Lien alikuwa ameshaacha kutafuna. Mwalimu Fan akanigusa kwa mguu chini ya meza, nikakumbuka kwamba kiongozi haelezi, nikatabasamu. Pi-yun akachukua vijiti vyake, akakinyofoa kichwa cha kuku, akakiweka kwenye bakuli langu. "Haya, kula wewe," akasema. "Kichwa kitakufaa, maana huna." Akawatakia wote mwaka mpya mwema, akachukua koti lake, na asubuhi akapanda basi kwenda kwa mama yake Meishan, na hadi leo simu yangu hapokei.

Mimi naona nimeonewa. Nimfukuze vipi mtu nisiyemlipa? Hata kwenye jedwali hayumo! Kosa ni la meza, na kama si la meza ni la kamba. Lakini Mama A-Lien naye sasa anakata nyama huku analia, na vipande vimezidi kuwa vinene. Pale kaunta nimeweka skrini ya kuagizia, kwa ushauri wa Mwalimu Fan, inasema "Karibu sana" kwa sauti nzuri ya msichana, lakini jana Mzee Kang, mteja wetu wa kila siku, alisimama mbele yake kwa muda mrefu akiisimulia matokeo yake ya hospitali, kisha akaondoka bila kuagiza kitu. Kila anayeingia anauliza, "Mama Bosi yuko wapi?" wakishajibiwa wanakumbuka kwamba hawana njaa. Mafuta ya vitunguu nimejaribu kukaanga mwenyewe, vimeungua mara zote. Hekalu wamepiga simu kuulizia vifurushi vya mwaka mpya, nikawaambia wajaze maombi kwenye skrini, hawakupiga tena. Binti yetu Yi-ting alipiga kutoka Taipei kuniuliza swali moja tu, "Baba, kuku alikuwa mtamu?" akakata. Asubuhi nachemsha chai naweka vikombe viwili, kisha kimoja namwaga. Lakini hayo ni mambo ya msimu, naamini yatapita.

Habari njema ni kwamba lile duka la miavuli lililo mkabala na sisi, ambalo limefungwa siku nyingi, limeanza kufagiliwa na kupakwa rangi, na Mwalimu Fan anasema jirani mpya huleta miguu mipya, kwa hiyo mwakani tutafaidika. Basi naomba mkakati wako, na nakuomba pia unishauri jambo hili dogo: nikitangaza kazi ya kukaa kaunta, nilipe kiasi gani? Nimeuliza bei ya mtu wa kupokea wateja, kukaanga vitunguu, kuandaa oda za hekalu, kupatana na wauza bata mzinga na kuosha choo, nikaambiwa hao ni watu wanne.

Wako,
Bosi Aliyeponzwa na Meza, Chiayi

*

Bosi Uliyeponzwa na Meza,

Pole sana. Meza za siku hizi hazina adabu kabisa. Enzi zetu meza ilikuwa inakaa ilipowekwa, na kamba walikuwa wanasubiri zamu yao. Nakushauri uishtaki.

Ukishamaliza kuishtaki, kaa kitako nikuambie jambo. Umeniandikia kurasa kadhaa kuniuliza jinsi ya kukuza mapato, na katika kurasa hizohizo umenijibu. Hujaona tu, kwa sababu kila jibu umelitanguliza neno "ingawa". Isome tena barua yako, safari hii ruka kila kilichoandikwa kabla ya "ingawa". Utakuta mwanamke aliyetafuta oda ya kudumu hekaluni ili jikoni msikae mikono mitupu siku ambazo barabara imelala. Utakuta mwanamke aliyepandisha bei kidogo, akawaambia watu wazi tena kwa utani, wakalipa huku wanacheka. Utakuta mwanamke aliyechukua mafuta ambayo wenzenu wanayamwaga, akayatia kwenye chupa, foleni ikafika kwa fundi wa pikipiki. Haba na haba hujaza kibaba, na aliyekuwa akikijaza hicho kibaba ni yeye. Wewe ulikuwa unaweka taa.

Mimi niliuza vifungo na nyuzi Taichung kwa miaka mingi kabla sijaanza kazi hii ya kugombeza watu magazetini, kwa hiyo usidhani naongea kama Mwalimu wako. Nitakupa mikakati, wala sitavaa tai.

Wa kwanza ni huu, na ukiusoma uketi. Kazi unazotaka kumpa mtu wa kaunta, umeambiwa ni za watu wanne. Hao wanne, mishahara yao ilikuwa inakwenda wapi miaka yote hii? Ilikuwa inaingia kwenye droo yako, unaiita faida, unakwenda nayo Taichung kupigiwa makofi. Mgahawa wako haujawahi kukua kama unavyojisifu, ndugu yangu. Ulikuwa unakula jasho la mkeo na kujipongeza kwa kushiba. Mwalimu Fan alisema mapato yanaliwa, akatafuta anayeyala kila kona ya jiko, na bosi mwenyewe ameketi palepale mbele yake. Bakuli tatu alizokula yeye sizihesabu, huyo ni mgeni.

"Nimfukuze vipi mtu nisiyemlipa?" Hapo nilitua kikombe changu. Nimesoma barua nyingi kwenye kiti hiki. Nimeandikiwa na mwanamume aliyeisahau harusi yake mwenyewe. Lakini mtu kutumia dhuluma yake ya kwanza kama ushahidi kwamba ya pili haikutokea, hiyo sijawahi kuiona, hongera.

Usijifiche nyuma ya kamba. Kuku alizunguka kwa bahati mbaya, nakubali, angeweza kusimama hata mbele ya mpishi. Lakini mkeo alikuuliza kwa mdomo wake, tena mara mbili, "Ni mimi?" Neno moja tu lilitosha. Hapana. Hata kama Mama A-Lien angejua, hata kama Mwalimu angekuvunja mguu chini ya meza. Wewe ukamwambia kuku atapoa. Pale ndipo ulipomfukuza, na meza haikuwa na mkono. Mtu aliyekaa na wewe kaunta moja maisha yake yote ya ndoa, ukaona afadhali aumie yeye kuliko wewe uone aibu kwa dakika moja. Hilo limeniuma hata mimi nisiyemjua.

Na huyo Mama A-Lien, ulidhani haoni? Wazee wa jikoni wanaona kuku kabla hajachinjwa. Analia kwa sababu anajua kichwa kilikuwa chake, na Mama Bosi kakibeba badala yake. Unadai vipande vyake ni vinene. Kwenye mtaa wenye wauza wali wa bata mzinga kila hatua, unafikiri watu wanakuja kwenu kufuata taa? Wanafuata kipande kinene na mtu wa kuwauliza goti linaendeleaje. Kipande kinene hicho ndicho tangazo lako, tena la bei rahisi kuliko yote. Mzee Kang hakuja kununua wali tu, alikuja na majibu ya hospitali, akakuta kioo kinamwambia karibu sana. Mteja wa kila siku ni mali kuliko wageni kumi wa punguzo, maana wa punguzo atakuacha siku punguzo likiisha, na wa kila siku atakuja hata mvua ikinyesha, mpaka umfukuze kwa skrini.

Basi sikiliza, na ufanye, usiniandikie tena kuniuliza kama ufanye.

Leo hiihii, kabla hujafunga, ing'oe hiyo skrini. Ikikataa kung'oka, mwite fundi wa pikipiki. Kisha mwite Mama A-Lien mbele ya wenzake wote, umwambie kwa mdomo wako, sio kwa mdomo wa ndege yeyote, kwamba kazi yake ipo, na umwombe radhi. Atakuuliza kama umekula. Mjibu, kisha endelea kuomba radhi. Orodha yako ya vyakula ikate. Wali wa bata mzinga, supu, mboga, yai, basi. Mtaka yote hukosa yote, na hiyo spageti itakuwa imeshakuchosha hata wewe. Wale wa pikipiki wabakishe kwa saa ambazo watu hawaji, bila punguzo linalokula nyama yenyewe. Bei ipandishe kidogo kila mwaka, majira yaleyale, kabla gharama hazijakulazimisha kuipandisha kwa kishindo, na uwaambie watu sababu. Hekaluni nenda kwa miguu, piga magoti kwanza kwa miungu kisha kwa mama wa jikoni, uwaulize wanataka vifurushi vingapi. Na kila mwaka ongeza kitu kimoja tu, kinachotokana na kile mnachojua kupika tayari, ukisubiri kishike ndipo ufikirie kingine. Hiyo ndiyo siri yote ya kukua taratibu, haina semina. Unalalamika mlikuwa mnapanda taratibu mno. Mti unaopanda taratibu hauanguki na upepo, ila ukikutana na bosi mwenye shoka ni habari nyingine.

Mwalimu Fan mlipie kamba wake, muage kwa heshima, usimpe namba mpya ya simu.

Sasa twende kwenye jambo ambalo uliniapia kwamba hukuniandikia kwa ajili yake. Sentensi moja tu kwenye barua yako ndiyo iliyonizuia nisikutupe kapuni, ile ya vikombe viwili vya chai. Ulijaribu kuiita mambo ya msimu. Msimu gani huo, wa mvua? Wewe unamkosa mkeo, mwanaume. Sema. Huo si udhaifu wa uongozi.

Siku ya pili ya mwaka mpya, kama ilivyo desturi, kila mke wa mjini kwenu atakwenda kwao kwa wazazi wake, na mumewe atabeba mizigo nyuma yake. Pi-yun ameshatangulia, na majirani wa Meishan watakuwa wamesimama milangoni kuhesabu nani kaja na mume na nani kaja peke yake. Wewe utakuwa kwenye basi la kwanza. Chukua matunda, chukua bahasha nyekundu ya pesa za mwaka mpya kwa mama mkwe, na uitie uzito unaostahili. Na chukua kuku mzima, wa kuchemsha, na kichwa chake. Ukifika uweke sahani mezani mbele ya mama mkwe na wote waliopo, ukigeuze kichwa kikutazame wewe mwenyewe, kisha uondoe mikono. Meza ya kule Meishan nadhani haizunguki. Hapo ndipo utakaposema lile neno moja ulilolikalia hotelini, "Hapana, si wewe," na baada yake useme, "Aliyestahili ni mimi." Usiongeze mengine. Wewe ukiongeza huharibu.

Halafu umpe karatasi za umiliki wa mgahawa, nusu ikiwa imeandikwa jina lake, zimeshapigwa muhuri, sio ahadi ya kupigwa muhuri. Na mshahara wa kila mwezi juu yake, kama mfanyakazi mwingine yeyote, wa watu wanne. Najua utashtuka. Mapato yako ya mwaka yataonekana yameshuka. Hayajashuka, ndio kwanza umeyaona yalivyo, na kuanzia hapo kila kitakachopanda kitakuwa kimepanda kweli.

Sikuahidi kwamba atarudi. Anaweza akaichukua karatasi, akamla kuku, akakupakia kwenye basi la jioni, na mimi nitakuwa upande wake.

Bado jambo moja. Wiki hii nimepata barua mbili kutoka Chiayi. Ya pili ni ya mama mmoja, sitamtaja jina, na mjini kwenu watu wa bata mzinga ni wengi, huenda hata humjui. Analo koti, ana mapishi ya mama yake, na ana hasira ya kutosha kukaangia vitunguu mwaka mzima bila gesi. Yeye hakuuliza habari za mapenzi wala ugomvi wa nyumbani. Aliniuliza, kama wewe, afanye nini ili mapato ya mgahawa mpya yakue mwaka hadi mwaka. Barua yake ilikuwa fupi kuliko yako na haikuwa na "ingawa" hata moja. Amelipata duka zuri, lilikuwa la miavuli. Hekalu wameshamwambia vifurushi watachukua kwake. Mama mmoja mchambuaji wa nyama amemuuliza kama kuna kazi. Mimi niliona mpango wake hauna kasoro, nikamwomba jambo moja tu, kwamba rangi apake lakini mkataba wa pango asitie saini hadi siku ya pili ya mwaka mpya ipite. Akakubali, shingo upande. Akaniruhusu kukueleza yote haya endapo ungeandika, tena akasema, "Ataandika tu, huyo hajawahi kuamua jambo bila kumuuliza mtu asiyemjua."

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya swali lako. Mwakani mapato ya wali wa bata mzinga kwenye mtaa wenu yatapanda, na mwaka utakaofuata yatapanda zaidi. Wewe amua tu, kabla basi la kwanza la Meishan halijaondoka, kama utayaona ukiwa ndani ya kaunta au ukiwa ng'ambo ya barabara.

Shangazi Yu-mei